Kila Mpita Njia ni Fundi wa Gari Langu

Sijui ni lini wakazi wa Kampala walihitimu umakanika, lakini tangu injini ya Toyota Corolla yangu, lile gari kuukuu la miaka ya 90 tunaloliita Kikumi, ianze kumisi, yaani kukosakosa moto, sijakutana na mtu asiyeujua ugonjwa wake. Likishika kasi hujikaza kisabuni. Aibu huja linaposimama. Nikikwama kwenye foleni ya Kibuye, mizunguko ya injini, ambayo ingepaswa kutulia karibu na 750 kwa dakika, hushuka, hupanda, hushuka tena. Kioo cha pembeni hutikisika hata bodaboda mmoja aliye nyuma yangu huonekana wawili, na moshi hunuka petroli mbichi. Hapo ndipo mmoja wa hao wawili husogea dirishani na kutamka, bila kuulizwa, "Mzee, hiyo ni pampu."

Jirani yangu, Hajji mwenye heshima zake ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anashikilia kwamba nimeuziwa petroli yenye maji. Shemeji yangu ananishauri niliuze. Niliuze ninunue lipi, ikiwa tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingiza nchini magari yaliyofikisha umri wa miaka 15, na hayo machanga yanayoruhusiwa yanamtaka mtu auze kwanza kiwanja?

Hao nawasamehe, kwa kuwa ushauri wao ni wa bure. Wanaonichoma moyo ni wanaolipwa. Fundi wa kwanza aliagiza plagi mpya 4 kabla hata ya kufungua boneti. Zilipofungwa na mtetemo ukabaki palepale, akaagiza pampu, nami nikaagana naye. Wa pili alikuja na kompyuta yenye waya mrefu, akatafuta tundu la kuichomeka chini ya usukani mpaka jasho likamtoka, ilhali gari hili ni la kabla ya matundu hayo. Lina kisanduku kidogo chini ya boneti: unaunganisha vitundu vilivyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa, na hesabu hiyo ndiyo namba ya hitilafu. Nilipomweleza hayo alinitazama kama daktari anayefundishwa na mgonjwa namna ya kushika sindano, kisha akanitoza ada ya kompyuta.

Ninachouliza mimi ni kitu kimoja. Injini ina silinda 4. Kuna ugumu gani kuiuliza ni ipi isiyofanya kazi? Unaiacha ingurume, unachomoa na kurudisha waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, kwa koleo yenye mishikio ya mpira ili umeme usikusalimu. Ukichomoa na mtetemo ukazidi, silinda hiyo ilikuwa kazini. Ukichomoa na injini isijali, umemkamata mtegaji. Ni kazi ya dakika chache, na labda ndiyo sababu haipendwi, kwa maana hakuna kipuri cha kuuza.

Aliyeifanya hatimaye, katika gereji ya tatu, ni kijana mwanagenzi aliyekuwa njiani kuleta chai. Silinda ya 2 haikujali. Aling'oa plagi ile mpya, ikatoka imelowa oili: sili ya tundu la plagi, ile pete ya kuzuia oili kwenye mfuniko wa valvu, ilikuwa imekauka na kupasuka, oili ikajaa shimoni na kuulainisha mpira wa waya, na umeme ukawa unarukia chuma cha pembeni badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Plagi hizo hata zingekuwa za dhahabu zisingefua dafu.

Sili na nyaya zikabadilishwa, injini ikatulia. Mwenye gereji, ambaye muda wote huo alikuwa kwenye kiti chake kivulini, alinipa hesabu yenye mstari wa "uchunguzi wa kitaalamu", akapokea fedha, kisha akamgombeza kijana kwa kuchelewesha chai.