Robyn hakuchezea shilingi chooni

Jumamosi nilikaa saluni tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana, nasukwa, na mtu ukiwa unasukwa huna pa kukimbilia, kichwa kiko mikononi mwa watu, kila linalosemwa utalisikia mpaka mwisho. Redio ikapiga Dancing On My Own, ile ya Calum Scott, ya piano na huzuni tupu. Binti aliyekuwa ananisuka akaufuatisha wote bila kukosea hata neno. Nikamwambia, mdogo wangu, huo wimbo una mwenyewe, ni wa Robyn, dada wa Uswidi, kautoa 2010, huyu kaka kauimba kwenye mashindano ya vipaji Uingereza miaka 5 baadaye ndo ukasambaa upya. Akashangaa kweli. Hilo halikuniudhi hata kidogo, mtu atajuaje kitu ambacho redio haijawahi kumpigia?

Kilichoniudhi kilitoka upande wa pili, kwa mama mmoja aliyekuwa chini ya draya, mtu mzima, namheshimu, ambaye kumbe Robyn anamjua vizuri. Akasema, "Si yule wa Show Me Love? Yule alichezea shilingi chooni. Angetulia, leo angekuwa Britney."

Siku tatu sasa hiyo kauli imenikaa kooni.

Maana sio yeye tu. Kila ninaposikia habari za huyu dada zinasimuliwa hivohivo, alianza kwa kishindo, akapotea, akarudi kivyake na vinyimbo vya klabu. Mimi nasema hapana. Kule kukataa kwake ndo kazi yake kubwa kuliko zote, na kila wimbo wake tunaoupenda leo umetoka hapohapo kwenye kukataa.

Tuanze alikotoka, maana watu wanadhani aliokotwa na lebo akiwa hajui kitu. Robin Miriam Carlsson, mtoto wa Stockholm, kazaliwa 1979. Baba na mama yake walikuwa na kundi la maigizo la kujitegemea, wanasafiri na michezo yao na mtoto yumo safarini. Mwaka 1989, ana miaka kama 10, akatia sauti ya Miranda kwenye filamu ya katuni Resan till Melonia, ile iliyochotwa kwenye mchezo wa Shakespeare wa dhoruba na kisiwa. 1991 akaimba wimbo wa kipindi cha michezo cha watoto kwenye televisheni ya kwao. Na akiwa na miaka 11 hivi akaandika wimbo kuhusu wazazi wake kuachana. Hebu fikiria hiyo, mtoto wa umri huo nyumba inavunjika, yeye anakaa chini anaitafutia maneno na tuni. Ndo baadaye mwimbaji Meja akaenda shuleni kwao kwenye warsha ya muziki, akamsikia, akaenda kuwaambia mameneja wake kuna binti huku.

Nakaa sana kwenye huo utoto kwa sababu naamini ndo uliomwokoa. Mtoto aliyekulia nyuma ya pazia anajua kitu ambacho sisi wengine tunachelewa kukijua, kwamba vazi la mchezo linavuliwa. Unaingia stejini ni malkia, unatoka unakula wali na wenzio. Lebo za muziki za miaka ile zilitaka binti avae vazi lisilovuliwa, awe yule wa kwenye jalada la kaseti asubuhi mpaka usiku, na akichoka asiseme. Yeye alishaona tangu mdogo kwamba mchezo una mwisho wake na watu wanarudi nyumbani.

Sawa, nakubali, na nakubali kwa shingo upande, zile nyimbo za mwanzo hakuzipika peke yake. Albamu ya Robyn Is Here ya 1995, ana miaka 16, ndani yake kuna mikono ya studio ya Cheiron pale Stockholm, Denniz Pop na Max Martin, watu waliokuja kuitengeneza pop ya dunia nzima ya mwisho wa miaka ya 90. 1997 Marekani ikafunguka, Do You Know (What It Takes) ikafika nafasi ya 7 Billboard, ile chati ya nyimbo ya Marekani, halafu Show Me Love nayo nafasi ya 7. Kaka yangu alikuwa na kaseti ya nyimbo mchanganyiko kazirekodi redioni, Show Me Love ilikuwemo upande wa B, katikati mkanda umejikunja kidogo kwahiyo kiitikio cha pili kilikuwa kinayumba, mpaka leo nikiisikia safi naona kama kuna kitu kimepungua. (Na tafadhali msichanganye, kuna Show Me Love nyingine ya Robin S wa Marekani, iliyovuma 1993, nyimbo mbili tofauti kabisa, jina la wimbo moja na waimbaji karibu wanaitana jina.)

Sasa hapo ndo mama wa saluni anaposema angetulia. Atulie wapi? Binti wa miaka 18 anazungushwa Marekani nzima, redio hii, televisheni ile, mpaka mwili ukagoma, madaktari wakasema ni uchovu uliopitiliza, akarudi kwao Uswidi. Na inasimuliwa siku zote kwamba lebo ya Jive walimtaka, walipomkosa wakaenda kutafuta Robyn wa Kimarekani, wakampata msichana kutoka Louisiana, wakampeleka kwa Max Martin huyohuyo Stockholm. Mwaka 1998 wimbo wake wa kwanza ukatoka. Huyo ni Britney Spears.

Mama yangu, nakuomba, kabla hujasema angekuwa Britney, kumbuka Britney alipita wapi. Nampenda Britney, sina neno baya juu yake, alikuwa mtoto na alifanya kazi kuliko watu wazima wengi. Lakini kuanzia 2008 mpaka Novemba 2021, miaka 13, mahakama ilimweka chini ya usimamizi wa watu wengine, mwanamke mzima mwenye watoto, pesa zake na maisha yake yanaamuliwa na baba yake, na huku bado anapandishwa stejini Las Vegas kutumbuiza. Hiyo ndo bahati ambayo Robyn aliichezea? Na kuna kitu wengi hawakijui, kwenye Piece of Me ya Britney ya 2007, ule wimbo wa kusema kila mtu anataka kipande changu, sauti za nyuma ni za Robyn. Sikilizeni tena mkijua hilo. Mimi huwa siwezi kuumaliza bila kunyamaza kidogo.

Turudi kwenye kukataa, maana hakukataa mara moja. 1999 akatoa My Truth, na humo kaandika kuhusu mimba aliyoitoa. Kila mtu ana imani yake juu ya hilo jambo na mimi sikuja kulijadili hapa, ninachosema ni kwamba yalikuwa maisha yake na kayaandika mwenyewe, ana miaka 19. Lebo ya Marekani ikataka abadilishe. Akasema habadilishi. Basi albamu haikutoka Marekani, imeisha hivyo, soko kubwa kuliko yote duniani, mlango uko wazi, miaka miwili tu tangu nyimbo zake mbili ziingie kumi bora za huko, na yeye akauacha kwa sababu ya maneno yake mwenyewe. Mnajua ugumu wa hilo? Sizungumzii mtu ambaye hakuitwa. Nazungumzia mtu aliyeitwa, kiti kimevutwa, chakula kimepakuliwa, na kila mtu mzima aliyemzunguka anaishi kwa mkate unaotokana na yeye kusema ndiyo.

Akahamia Jive, wale wale, akidhani pengine hapa nitasikilizwa. Mwaka huohuo alipotoa Don't Stop the Music, 2002, Jive ikanunuliwa na BMG, kampuni aliyotoka kuikimbia. Kakimbia mvua kaingia baharini. Halafu akasikia muziki wa The Knife, wale ndugu wawili, Karin na Olof Dreijer, akaenda kufanya nao Who's That Girl, sauti kavu za mashine, kali, hazifanani na kitu chochote alichowahi kuimba. Akawapelekea lebo. Hawakuupenda.

Hapo ndo alipofanya lile ambalo natamani liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kila studio. Akajinunua. Akaulipia mkataba wake mwenyewe akatoka, na 2005 akafungua lebo yake, Konichiwa Records. Ana miaka 25. Kwa hesabu za pop binti wa 25 aliyeanza na 16 ni mzee tayari, wanatafutwa wengine. Na albamu ya kwanza ya hiyo lebo akaipa jina lake tu, Robyn, kama mtu anayejitambulisha upya mlangoni, na ule wimbo uliokataliwa umo humohumo ndani. Ikashika namba 1 Uswidi, nafasi ambayo albamu zake za nyuma hazikuwahi kuifikia, na mwaka uliofuata akabeba tuzo 3 za Grammis, zile tuzo za muziki za Uswidi, ikiwemo albamu ya mwaka.

Najua mtu ataniambia Uswidi ni rahisi kukataa. Kweli. Ni nchi ambayo watoto wanafundishwa vyombo kwenye shule za muziki za halmashauri, ukiugua unatibiwa, ukirudi nyumbani huna kitu hufi njaa. Msichana mwenye wadogo zake sita nyuma hawezi kumwambia bosi sibadilishi akalala usingizi. Nakubali hilo, na linaniuma. Lakini wangapi walikuwa na hiyo nchi, hayo matibabu, hizo shule, na bado walisaini kila karatasi iliyoletwa? Godoro la kuangukia humsaidia mtu akisharuka, kuruka bado ni kwake.

Yaliyofuata mnayajua. Agosti 2007 With Every Heartbeat, aliyofanya na prodyuza Kleerup, ikashika namba 1 Uingereza, miaka 12 baada ya albamu ya kwanza. 2010 akatoa Body Talk kwa mafungu matatu, Juni, Septemba, Novemba, kwa sababu nyimbo zilikuwa tayari na hakuona haja ya kumsubirisha mtu, na hakukuwa na bosi wa kumwambia albamu haziuzwi hivyo.

Halafu akakaa kimya, na mimi mwenyewe nililalamika kipindi kile, miaka 8 bila albamu yake kamili ni mingi jamani. Lakini katikati hapo rafiki yake na mwenzie wa kazi, prodyuza Christian Falk, alifariki 2014, na zile nyimbo walizokuwa wanafanya pamoja akazitoa mwaka uliofuata. Honey ikaja Oktoba 2018, taratibu, laini, muziki wa mtu aliyelia mpaka akamaliza. Lebo gani ingemwachia miaka 8? Yake. Na Novemba 2025 katoa wimbo wa Dopamine, ana miaka 46, ni mama sasa, na hakuna aliyemwambia umri wako umepita.

Machi 2019 alipiga Madison Square Garden pale New York. Watu wakatoka wakateremka kwenye treni za chini, kituo cha Penn Station, jukwaa limejaa, na wakaanza kuimba Dancing On My Own wenyewe, bila ala, mamia ya watu wasiojuana, usiku, wanasubiri treni. Ile klipu nimeiangalia sijui mara ngapi. Marekani ileile ambayo 1999 ilimtaka abadilishe maneno yake.

Nilitaka kumwambia yule mama yote haya pale saluni, lakini draya lilikuwa linavuma na heshima pia ipo, nikamwambia tu, "Mama, hakupoteza yule, alijinunua." Akanitazama, akacheka kidogo, akasema haya.

Ila yule binti anayenisuka hakusahau. Zilipobaki kama mistari miwili nyuma ya kichwa akaniomba nimuwekee wa mwenyewe. Nikauweka kwenye simu, sauti mpaka mwisho. Ule mdundo ukaingia, ule usiosimama, unaenda tu hata pale dada anaposema yuko pembeni anamwangalia mtu wake akiwa na mwingine. Binti akaacha kusuka, ameshika rasta mkononi, kasikiliza wote. Ulipoisha akasema, "Dada, kumbe huyu analia huku anacheza." Akauanzisha tena.