Surua Minneapolis: wazazi waliuliza, nani aliwajibu?

Mwaka 2004, asilimia 92 ya watoto wa Kisomali wenye umri wa miaka miwili katika jimbo la Minnesota, Marekani, walikuwa wamechanjwa dhidi ya surua. Kufikia 2014 walibaki asilimia 42. Miaka mitatu baadaye surua ikalipuka jimboni, wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuwa na chanjo.

Wako wanaosema lawama ni ya wazazi: walikimbilia nchi yenye hospitali za kila aina, kisha wakaacha ushauri wa daktari na kushika maneno ya jamaa na majirani. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kwa kawaida chanjo ya MMR (ya surua, matubwitubwi na rubela) huko huanza mtoto akifikisha miezi 12, kwa hiyo kichanga wa miezi sita hana kinga ila ile ya kuzungukwa na waliochanjwa. Mzazi anayekataa anamwamulia na mtoto wa mwenzake. Tena onyo lilikuwepo. Mwaka 2011 mtoto mmoja aliambukizwa akiwa matembezini Kenya, akarudi nayo, na mlipuko huo ukafikia wagonjwa 21.

Lakini tuanzie 2008. Wazazi wa Kisomali wa Minneapolis, jiji la jimbo hilo, waliona watoto wao wamejaa kwenye madarasa ya wenye usonji (autism), hali ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia ikitajwa kwao. Wakauliza, kwa nini sisi? Mwaka 2009 idara ya afya ya jimbo ikakubali kwamba watoto wa Kisomali walikuwa wengi kwenye programu hizo kuliko wenzao, ila sababu haikuijua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ukatoka 2013: wenye usonji ni mtoto 1 kati ya 32 kwa Wasomali, 1 kati ya 36 kwa Wazungu, yaani karibu sawa, ingawa watoto wa Kisomali wenye usonji walielekea zaidi kuwa na ulemavu wa akili pia. Miaka mitano kusubiri jibu, na jibu lenyewe likawa halisemi kwa nini.

Hapo ndipo wapinga chanjo walipojipenyeza. Andrew Wakefield, aliyekuwa daktari Uingereza, ambaye makala yake ya 1998 iliyohusisha MMR na usonji ilifutwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2010, alikwenda mwenyewe kukutana na wazazi hao. Alichowaambia kilikuwa uongo, lakini aliketi nao na akawapa sababu. Dalili za usonji huanza kuonekana karibu na umri uleule wa chanjo. Mama aliyeona mwanawe anapoteza vineno vichache alivyokuwa navyo, majuma machache baada ya sindano, hahitaji kushawishiwa sana. Mama huyo anaingia kwa daktari, mtoto analia mapajani, mkalimani yuko kwenye simu, na muda ni mfupi. Anaambiwa chanjo ni salama. Ni salama kweli, lakini yeye alitaka kujua mwanawe ana nini.

Ndiyo maana naegemea upande wa wazazi, bila kuyafumbia macho madhara. Mwaka 2017 maimamu na wahudumu wa afya Wasomali walizungumza na watu misikitini na majumbani, kwa Kisomali, na waliochanjwa wakaongezeka. Uvumi ulikuwa umepita njia hizohizo. Kinachonisikitisha ni kwamba kazi hii hupata nguvu ugonjwa ukishaingia. Mwaka 2024 surua ilirudi Minnesota, na jamii hiyohiyo ikaumia tena.

Wazazi wengi hawakatai chanjo moja kwa moja. Wanaahirisha mpaka mtoto aseme vizuri. Huyo bado anaongeleka. Mtoto wake akikaguliwa mapema maendeleo ya usemi, na uchunguzi wa usonji usimsubirishe miezi na miezi, sababu ya kuahirisha itapungua. Idara za afya zingepanga bajeti ya chanjo na ya usonji pamoja, maana kwa mzazi huyo hofu ni moja.