Pensheni ya Wete na dodoso la Ngamiani

Kuna bibi anakaa Ngamiani, barabara ya 9, ana dada yake Wete. Wamezaliwa tumbo moja huko Pemba. Mmoja akaolewa huku Tanga, mwenzake akabaki. Yule wa Wete kila mwezi huchukua pensheni ya wazee. Huyu wa kwetu hana anachochukua. Walipopita waandikishaji wa kaya maskini waliandika bati lililo juu ya nyumba yake, sakafu ya saruji na redio, na jina lake halikurudi. Bati lile aliezeka mwanawe, ambaye sasa ni marehemu. Bibi hali bati.

Mjadala wetu kuhusu pengo la walionacho na wasionacho huishia kwenye kutoa au kutotoa. Hapo siku hizi wengi tumeshakubaliana. Ugumu uko kwingine: apewe nani, na atajulikanaje kuwa ndiye?

Tanzania Bara imechagua kulenga. Mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulianza 2012: mkutano wa mtaa unataja kaya zenye dhiki, dodoso linapima, waliopita wanaitwa walengwa. Zanzibar ilichagua njia nyingine Aprili 2016. Kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alianza kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Hakuna anayeulizwa bati.

Hoja ya kulenga ina uzito. Fedha hazitoshi, na shilingi atakayopewa mzee wa Raskazone mwenye nyumba za kupangisha ingemfaa zaidi mjane wa Mabawa. Tena mpango umefanya kazi: wapo watoto waliobaki shuleni kwa ruzuku hiyo, wapo akina mama walionunua kuku, kisha mbuzi, wakaingia vikundi vya hisa. Wakopeshaji nao, Benki ya Dunia ikiwa mbele, wanataka kuona fedha zimemfikia maskini mwenyewe.

Lakini maskini mwenyewe ndiye nani? Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake, karibu milioni 14. Igawe namba hiyo kwa siku 30: ni shilingi 1,644. Toa nauli ya daladala ya kwenda Pongwe na kurudi, uone kinachobaki cha unga, mkaa na dagaa. Sasa mchukue anayetumia 1,600 na jirani yake anayetumia 1,700. Kwa hesabu, wa kwanza ni maskini na wa pili siye. Dodoso gani litawatenganisha, na wote wawili wanakopa chumvi duka moja? Mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga mwezi huu yuko juu ya mstari, kusi ikivuma yuko chini. Muuza mihogo akiuguliwa na mtoto siku 3 ameshavuka. Watu hawakai upande mmoja wa mstari ule wakisubiri kuhesabiwa, na daftari likishafungwa limefungwa.

Na hata dodoso lisingekosea, mpango ulipopanuka ulifika kaya kama milioni 1.3. Zipe watu 6 kila kaya. Hufiki milioni 8. Milioni 6 na ushei wa maskini wale wale wa takwimu wamebaki nje, huku mwaka 2016 uhakiki wa Serikali ukikuta maelfu ya kaya zisizostahili zimo ndani.

Kuna jambo ambalo takwimu haziligusi. Watu wa Pwani tumelelewa kusitiriana. Mwanamke atalala na njaa, lakini asubuhi atafunga kanga yake safi aende kwenye shughuli, na majirani wanaojua watanyamaza. Kulenga kunamtaka mtu huyo asimame, au asimamishwe na wenzake, mbele ya mkutano aitwe fukara. Wapo wasiotaka. Wanaopata nao husemwa: “Fulani kapata kwa kuwa anajuana na mjumbe.” Nimeona watu wa ukuta mmoja wakikatiana salamu kwa ajili ya orodha. Miaka 70 haina aibu wala fitina. Wete hakuna anayemnunia mwenzake kwa sababu amezeeka.

Gharama ndiyo hoja ninayoiogopa. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari milioni 1.89 katika Watanzania milioni 61.7, Bara ni zaidi ya mara 30. Na wazee wetu wengi hawana vyeti vya kuzaliwa. Mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho cha NIDA mara nyingi ni wa kukadiria. Ukivuka mpaka wa Horohoro, Kenya ilianza mwaka 2018 kuwalipa wa miaka 70 wasio na pensheni nyingine, na malipo yamekuwa yakichelewa. Haya ni ya kweli na hayafutiki kwa maneno mazuri.

Ila Lesotho, ambayo si tajiri, inalipa wazee wake wa miaka 70 tangu 2004. Nepal katika miaka ya 1990 ilianza na wenye miaka 75 kwa rupia 100 tu kwa mwezi, ikawa inashusha umri kadiri mfuko ulivyoruhusu. Bara nayo ingeweza kuanza na 75, ama 80, iache dodoso liendelee kwa kaya zenye watoto.

Kitambulisho cha bibi wa barabara ya 9 kinasema alizaliwa 1944.