Kitufe Kimoja, Amri Mbili

Ukiongeza programu-jalizi za kutosha kwenye kihariri matini, siku moja mbili zitadai mkato uleule wa kibodi. Watu hubishana ipi ishinde. Mimi naona swali zito zaidi ni iwapo mtumiaji ataarifiwa.

Kihariri cha Emacs hutumia matabaka. Chini ipo ramani ya jumla ya vitufe, yaani orodha ya kila kitufe na amri yake, juu yake ramani ya modi kuu inayofuata aina ya faili, na juu zaidi ramani za modi ndogo, yaani nyongeza zinazoweza kuwashwa na kuzimwa. Kitufe husakwa kuanzia juu, na amri ya kwanza kupatikana ndiyo hutekelezwa. Kwa hiyo Tab hupanga mistari ya msimbo katika faili moja na kuruka seli za jedwali katika nyingine, bila mtumiaji kuandika sharti lolote. Huo ndio uzuri wa kihariri hiki, na anayetaka kila mwingiliano uzuiwe angeuua.

Shida huja modi ndogo mbili zinapogongana. Hapo kwa kawaida hushinda iliyosajiliwa baadaye. Badilisha mpangilio wa kuzipakia, na kitufe kinabadilika kazi pasipo onyo. Upo mwafaka kwamba Ctrl-c ikifuatwa na herufi ni mali ya mtumiaji, lakini ni mwafaka tu; mashine haiwazuii waandishi wa programu-jalizi kuuvunja.

Kihariri kingine, VS Code, husoma orodha ya kanuni za vitufe kutoka chini kwenda juu na kushika ya kwanza ambayo kitufe chake na sharti lake, yaani hali ambamo inatumika, vinalingana. Za mtumiaji huwekwa mwisho, basi neno lake ndilo la mwisho. Hili nalipenda, ingawa masharti hurefuka upesi kadiri hali zinavyoongezeka. Kihariri cha Vim nacho, mkato mmoja ukiwa mwanzo wa mwingine, husubiri: milisekunde 1000 kwa chaguo-msingi, muda unaokera kweli kwa mwenye vidole vyepesi.

Tabaka la juu kulifunika la chini ni jambo lililokusudiwa, wala halihitaji tangazo. Ramani mbili za tabaka moja zikigongana, hakuna aliyekusudia, na kihariri kingepaswa kusema pale modi ya pili inapowashwa. Emacs inayo Ctrl-h k ya kuonyesha kitufe kinaita amri gani, na `:verbose map` ya Vim hutaja faili iliyoweka mkato. Zana zote mbili ni nzuri, ila humfaa aliyekwisha kushuku; anayebonyeza kitufe alichokizoea hana sababu ya kuuliza mpaka amri asiyoitaka iwe imeshayagusa maandishi yake.