BBS yako ya nyumbani inastahili jina lako mwenyewe, sio la kuazima

Wiki hii nilitaka kuingia kwenye bodi moja ninayoipenda sana, BBS (bodi ya meseji na magemu ambayo watu wanaingia kwa terminali kupitia intaneti) ya mtu anayeiendesha kwenye kikompyuta kidogo nyumbani kwake, nikachagua jina lake kwenye daftari la anwani la SyncTERM, programu yangu ya kuingilia BBS, terminali ikafikiria kidogo ikaniambia jina hilo halipo. Nikadhani umeme umekatika, nikajaribu kesho yake, hola. Baadaye namkuta mwenyewe anaandika kwenye FidoNet, mtandao wa BBS wa kupelekeana barua, kama kawaida, kumbe bodi iko hai kabisa! Yenyewe inatoka nje kuchukua barua kwa hiyo upande wake haoni tatizo lolote, ila kutoka nje hakuna anayeweza kuingia. Alikuwa na jina la bure kwenye huduma inayotaka uthibitishe kila baada ya siku 30 kwa kubofya kiungo kwenye imeili, akasafiri, jina likafutwa. Meseji za miaka zimo ndani, magemu yamo, watu wako nje.

Imeniuma kwa kweli, kwa sababu karibu kila maelekezo ya dynamic DNS (njia ya kulifanya jina lifuate anwani ya IP inayobadilika) ninayoyaona yanaishia hapohapo: jisajili bure, chagua jina, weka programu ya kuapdeti, umemaliza. Hujamaliza. Hiyo ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndio inayowalinda wageni wako.

Nieleze ninavyoona mimi. Anwani ya IP ya nyumbani inabadilika, ruta ikizimwa na kuwashwa unaweza kupewa nyingine, hilo tumelizoea. Jina linatufichia hayo mabadiliko. Sasa kama jina lenyewe ni la mtu mwingine basi umetoka kwenye namba inayoweza kubadilika ukaenda kwenye jina linaloweza kunyang'anywa, na hapo umepata nini? Dyn, waliokuwa wakubwa kabisa kwenye hii kazi, walifunga huduma yao ya bure mwaka 2014, na kila aliyekuwa ametegemea jina lao la bure ikabidi alipe au aanze upya kuwatafuta watu wake. Na ukiwa na BBS huwapati wote jamani, hawa ni watu wanaokuja mara moja kwa miezi miwili, wakikuta mlango haupo wanajua umefunga, wanakufuta kwenye daftari na maisha yanaendelea.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi. Jina la bure likishafutwa, baadhi ya huduma zinaliachia, yeyote anaweza kulichukua. Bodi nyingi bado zinapokea Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na Telnet inapeleka kila herufi wazi, pamoja na paswedi. Hebu fikiria mgeni wako wa siku zote anachagua jina lako, inafunguka skrini inayofanana na yako, anaandika jina lake na paswedi yake kama alivyozoea, na upande wa pili sio wewe. Huyo mgeni hakukosea popote, alikuamini wewe na jina ulilompa. Ndio maana nalichukulia hili kwa uzito, sio suala la jina kupendeza.

Dawa yake haina gharama kubwa. Nunua domeini yako, ya mwisho wowote ulio rahisi, kisha tengeneza jina dogo chini yake, mfano bbs mbele ya domeini, uliweke kama CNAME, yaani rekodi inayosema jina hili ni lakabu ya jina lingine, inayoelekea kwenye lile jina la bure. Usiiweke kwenye domeini tupu, CNAME haikai pale. Programu yako inaendelea kuapdeti jina la bure kama kawaida, lakini wewe unawatangazia watu jina lako tu. Siku huduma ikifa au ikianza masharti unahamia nyingine, unabadilisha mstari mmoja wa CNAME, na hakuna mgeni hata mmoja atakayejua kwamba kuna kitu kimetokea. Aliyekuandika kwenye daftari miaka mitano nyuma bado anaingia. Washa tu malipo ya kujirudia, maana domeini nayo ikiisha muda mambo ni yaleyale.

TTL ya hiyo CNAME, yaani muda ambao kompyuta nyingine zinakumbuka jibu lake, iwe fupi, sekunde 60 zinatosha. Ukiiacha 86400, siku utakayohama huduma watu wanaweza kupelekwa siku nzima kwenye jina lako la jana, ambalo leo pengine limeshachukuliwa na mtu usiyemjua.

Nakubali, kwa kujaribu wikendi jina la bure halina shida. Na wanaotumia Synchronet, programu ya kuendeshea BBS, wanapewa jina chini ya synchro.net na mradi wenyewe, hilo nalo naliamini kuliko mengi. Ila hata hapo ningeweka langu mbele.

Kabla ya yote angalia ukurasa wa ruta yako, ile anwani ya upande wa nje. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127 uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, mnachangia anwani moja na wengine, na hakuna jina litakalokusaidia, omba anwani ya umma au tumia IPv6 au pitisha kwenye seva ya kukodi. Ukijaribu jina lako jaribu kwa data ya simu, sio wifi ya ndani, ruta nyingi zinadanganya ukiwa ndani. Na poti 23, ile ya Telnet, itagongwa na roboti usiku na mchana, tangu programu hasidi ya Mirai ya 2016 hali ni hiyo. Na fungua pia SSH, njia inayoficha kinachoandikwa, ili paswedi za wageni zisipite wazi.

Kama tayari una jina la bure na limeshasambaa, usilikate ghafla. Weka jina jipya kwenye skrini ya kuingilia, kubwa, mahali ambapo mtu hawezi kulipita, mwombe kila mgeni abadilishe daftari lake, na hilo la zamani endelea kulithibitisha mwaka mzima au zaidi mpaka wageni wako wakuambie wameshabadilisha.