Risasi za Kupewa Sizipigi

Kwetu zawadi hairudishwi. Ndivyo nilivyolelewa, na ndiyo maana Jumamosi ile, kwenye uwanja wa shabaha hapa Texas, nilipokea kwa mikono miwili risasi 20 za bunduki, aina ya .308 Winchester, kutoka kwa mzee mmoja ninayelenga naye. Alizijaza mwenyewe: ganda lililokwisha kupigwa hutiwa fataki mpya ya kuwasha, baruti, na kichwa kipya. Asubuhi hiyo alikuwa ametoboa matundu matano unayoweza kuyafunika kwa sarafu moja, kwa yadi 100. Nikamshukuru sana. Sikupiga hata moja.

Nami najaza zangu. Sheria ya shirikisho hapa Marekani haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake. Leseni ni ya anayeuza. Basi hakuna mkaguzi anayesimama nyuma ya meza yangu. Mkaguzi ni mimi, na kazi hiyo siwezi kumkabidhi mtu mwingine, hata awe hodari kiasi gani.

Risasi ya kiwandani hutengenezwa iingie katika kila bunduki ya kaliba yake. Ya mzee ilishonwa kwa mwili mmoja tu. Yeye hukiacha kichwa cha risasi kitokeze zaidi, kikaribie mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu wake. Katika chemba yangu, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kichwa hicho hicho huenda kikabana kwenye mifereji kabla sijafyatua, na shinikizo likapanda. Kikomo cha .308 kwa viwango vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi Marekani, ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, na yote hayo hutokea karibu kabisa na jicho langu.

Lililonitisha zaidi ni kisanduku kutokuwa na maandishi. Baruti gani? Greni (kipimo kidogo cha uzito) ngapi? Ganda limepigwa mara ngapi? Baruti ya bastola huungua upesi mno. Ukiijaza kwenye ganda la bunduki kwa kipimo cha baruti ya bunduki, chemba inaweza kupasuka. Kwa macho zote ni punje za kijivu. Ndiyo maana mezani kwangu hukaa kopo moja tu, na likimaliza kazi linarudi kabatini kabla jingine halijatoka.

Wengi huanza kujaza kwa kutafuta shabaha, usalama wakauona kama somo la pembeni. Mimi naona chanzo cha vyote viwili ni kimoja: risasi ya leo ifanane na ya jana. Mizani ya kupimia baruti ikiyumba, mara nyingi karatasi ya shabaha ndiyo hunieleza kwanza, matundu yanapoanza kupanda na kushuka. Afadhali niyaone hapo.

Zile 20 nilizing'oa vichwa moja moja, baruti nikaimwaga ikatawanyika bustanini. Wiki iliyofuata mzee akauliza zilipigaje, nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa daftari lake na kunisomea: aina ya baruti, uzito, urefu, tarehe. Kila kitu alikuwa amekiandika, ila si kwenye kisanduku. Nikamkabidhi maganda yake yote 20, fataki zikiwa bado ndani.