Kusi na Lancaster yangu

Jamani, nani alinidanganya ninunue Lancaster, ndege ya plastiki ya kuunganisha na kupaka rangi mwenyewe? Ndege yenyewe ya vita ilibeba watu 7 kwa injini 4. Hii yangu ni ndogo mara 72, na vioo vya rubani vina fremu nyembamba kama unywele! Usiku kucha nakata tepu vipande vipande ya kufunika vioo visiingie rangi, macho yaniwasha.

Jana nikapaka tumbo rangi nyeusi, nikafungua dirisha kidogo tu ipate kukauka. Upepo wa kusi ukaingia na vumbi lote la mtaa wa Langoni, na unyoya mmoja (wa kuku wa jirani, namjua) ukatua katikati ya bawa. Kuung'oa, ukatoka na rangi. Na kwa unyevu huu wa Lamu, bado yanata.

Mama ananichungulia mlangoni: "Mwanangu, hiyo itaruka lini?"